Kikombe Kilichooshwa

Mimi kushona sijui, kuimba sijui, na pilau yangu mpaka leo wajukuu wanaila kwa adabu tu. Lakini kuhadithia filamu najua. Tangu nilipokuwa mwari, nikitoka sinema nilikuwa naweza kukaa mkekani nikairudia picha nzima tangu mwanzo mpaka taa zinapowaka, nikalia pa kulia, nikacheka pa kucheka, na kama kwenye picha kulikuwa na kofi, basi aliyekaa karibu yangu alilipata. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu angepelekwa sinema peke yake, wengine tukamsubiri nyumbani.

Tulikuwa tukienda zanana. Kijana wa leo ukimtajia zanana anadhani ni aina ya kitambaa, kwa hiyo nieleze. Miaka ile ya hamsini, hapa Tanga, Jumatano baada ya sala ya alasiri jumba la sinema lilikuwa la wanawake peke yao. Mlangoni mwanamke, kwenye viti wanawake, na mwanamume pekee aliyekuwamo ni mwendesha mashine, naye amefungiwa kijumbani kwake kule juu. Walikuja wake wa Ngamiani na Chumbageni, wakaja wa Makorora kwa miguu, wakaja Wahindi na watoto wao na vikapu vya bisi. Walikuja hata jirani zetu wa Kibondei, Wakristo, ambao hawakuwa na lazima ya kungojea siku ya wanawake, lakini walisema ndiyo siku yenye raha. Mle ndani mabuibui yaliteremshwa mabegani, asumini zikanukia, na kila mtu akazungumza na picha. Mwenye kutaka kusikia maneno ya filamu alikuwa amekosea siku. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba picha iishe kabla ya magharibi, maana waume wanarudi na mke anatakiwa akutwe jikoni kana kwamba hakutoka.

Aliyenifundisha kuangalia picha ni mama mdogo, yule aliyemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyependa sinema kama yeye. Alikuwa na kiti chake, safu ya sita, pembeni mwa nguzo, na aliyekikalia bila kujua aliondoshwa kwa tabasamu ambalo lilikuwa baya kuliko matusi. Nilipokuwa bado msichana alinivuta ushungi nikiwa nimemkodolea macho mwigizaji mmoja aliyekuwa akilia na kupiga kifua. Akaninong'oneza, "Usimwangalie anayesema, mwanangu. Mwangalie anayesikiliza." Nikamwangalia anayesikiliza, na kweli, hadithi yote ilikuwa usoni kwake. Tangu siku ile nilijiona bingwa.

Mama mdogo hakujaaliwa mtoto. Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba, mpole, mwenye pini mdomoni saa zote, akishonea barazani kwao Chumbageni. Yeye sinema hakwenda hata siku moja, alisema ile taa inamwumiza macho. Lakini kila Jumatano mama mdogo alipotoka zanana alimkalia karibu na cherehani akamweleza gauni la mwigizaji, naye akauliza, "Mikono yake ilikuwaje? Imejaa begani au imebana?" Siku ya nne au ya tano gauni lile lilikuwa limeshashonwa, mama mdogo kalivaa ndani kwake na anajigeuza geuza. Kulikuwa na wanawake Tanga waliovaa dhahabu mpaka viwikoni, na bado walimwonea wivu mke wa fundi cherehani. Mimi nilikuwa mmoja wao, hasa nilipokwisha kuolewa na kugundua kwamba mume wangu hajui hata nimevaa nini.

Fundi alikufa ghafla. Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa yangu. Mchana ule alishona, akasali alasiri, akaletewa chai yake ya tangawizi kama kila siku, akasema kifua kizito kidogo acha nijinyooshe. Mama mdogo alipokwenda kumwamsha kwa magharibi, alikuwa amekwisha kwenda zake.

Wa kwanza kufika kutoka upande wa marehemu alikuwa dada yake mkubwa, aliyekaa Makorora. Huyu alikuwa mama wa watu, mwenye sauti na heshima zake, aliyemlea fundi tangu walipofiwa na mama yao. Alimpenda ndugu yake mapenzi ya kuogopesha. Mimi nilikuwa jikoni nachota maji ya kuoshea maiti. Akaingia, akasimama, akatazama sinia ambalo juu yake kikombe kikubwa cha buluu cha fundi, cha chai yake, kilikuwa kimefudikizwa, kisafi, kinang'aa. Akasema, wala hakupunguza sauti, "Maiti hajaoshwa, kikombe kimeshaoshwa."

Wanawake wawili waliokuwa wakikatakata vitunguu wakatazamana, na mimi nikajifanya sikusikia. Lakini neno lenyewe lilitoka nje ya jiko lile kabla ya jeneza. Wiki ya pili nililisikia bombani, limeshaongezewa mkia kwamba mtu mzima hafi hivi hivi kwa chai.

Mama mdogo akakaa eda. Mke aliyefiwa anakaa miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Alikaa katika chumba cha uani, na kanga zake zilizopauka, akishona kofia. Aliingiza sindano na kutoa, na ukimwangalia hujui anawaza nini. Mimi nikajipa kazi. Kila Alhamisi asubuhi nilitoka kwangu Ngamiani nikaenda kumhadithia picha ya jana, kwa sababu niliona hilo ndilo pekee nililonalo la kumpa. Alikuwa akicheka. Wallahi alikuwa akicheka, na mimi nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwamba ninamponya mjane.

Ndipo ikaja ile filamu ya Misri.

Haikuwa na rangi, haikuwa na nyimbo, na karibu yote ilikuwa giza na mvua. Mke kijana, mume mtu mzima, nyumba kubwa yenye ngazi. Mke anatengeneza kahawa. Tunaiona mikono yake tu, inakoroga, inafunika, inabeba. Anapanda ngazi. Mume anapokea kikombe bila kumtazama, anakiinua, halafu picha inahamia dirishani kwenye mvua. Tukirudi ndani, mume amekwisha kufa kitini. Anakuja inspekta mmoja mwenye koti refu, anauliza huyu, anauliza yule, anakwenda jikoni, anakuta kikombe kimeshaoshwa na kurudishwa kabatini. Mwishoni kabisa anamsimamia yule mke na kumwuliza. Mke anainua uso, anafungua mdomo, na picha ikaisha.

Nasema ikaisha. Taa zikawaka. Jumba zima likalipuka. Wengine walidhani mkanda umekatika, wakapiga viti. Wengine walidhani mwendesha mashine ametuficha kipande cha mwisho ili tuwahi magharibi, kwa sababu aliwahi kutufanyia hivyo, na mwanamke mmoja akavua kiatu akakirusha kule juu kwenye kijumba. Yule maskini akatoa kichwa kwenye kitundu, akaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba mkanda umefika mwisho, hakuna kingine. Adhana ilitukuta bado tunabishana barabarani, na nadhani jioni ile waume wengi wa Tanga walikula chakula kibichi.

Mji ukagawanyika. Wako waliosema kamuua na wako waliosema hakumuua, na ikawa ukikutana na mtu, shikamoo na marahaba zikiisha swali ni hilo. Wa "kamuua" walishika kikombe: kwa nini akioshe? Wa "hakumuua" walishika ile mikono: haikutetemeka hata kidogo, na mtu anayetia sumu lazima atetemeke. Jirani yetu mmoja wa Kibondei alisema yule mke alifanya ishara ya kuomba kabla ya kupanda ngazi, kwa hiyo hana hatia, na wenzake wakamjibu kwamba hata mwizi husali. Kulikuwa na bibi mmoja aliyedai kujua Kiarabu kwa vile alihitimu chuoni, akasema mke alisema neno moja mwishoni. Alipobanwa alitaje, akasema hawezi kulirudia mbele za watoto. Mume wangu aliiona kwenye onyesho la jioni, akarudi na ya wanaume: yule mzee amejiua mwenyewe, na ninyi wanawake kila kitu mnafikiria jikoni. Nilimnyima neno siku mbili.

Watu wengine wanadhani ubishi ule ulikuwa upuuzi. Mimi niliupenda. Sijawahi kuona mji wangu ukiwa na akili nyingi kama wiki zile. Wanawake ambao hawakuulizwa maoni yao juu ya jambo lolote waliketi kuchambua mchele na kuchambua mikono, macho, vivuli, ngazi. Ningefurahi kabisa, lau si kwamba kila mahali, baada ya kikombe cha picha, palikuwa na ukimya mdogo. Ukimya huo niliujua. Watu walikuwa wakikiwaza kikombe cha buluu.

Alhamisi ile nilikwenda Chumbageni miguu mizito. Nimhadithieje mjane picha ya mjane? Njiani nikaamua kuibadilisha. Nilipofika nikajitandaza mkekani, nikaanza: mke kijana, mume mtu mzima, nyumba yenye ngazi. Hapo nikampandisha mume garimoshi, nikampeleka safari, nikamrudisha na mke wa pili mwenye mdomo mrefu, wake wakagombana, wakapatana, wakamtoa mume nje. Niliitengeneza vizuri, hata mimi nilijisifu moyoni. Mama mdogo alikuwa akishona kofia yake, sindano inaingia, inatoka. Nilipomaliza akauliza, "Na kikombe?"

Kumbe jirani alikuwa ameshapita alfajiri na kumwambia yote.

"Kikombe gani, mama mdogo?"

"Hiko mlichokirushia viatu."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. Aliiweka kofia mapajani, akangoja nimalize, kisha akasema taratibu, "Sasa nihadithie ilivyo. Toka mwanzo, usinirukishe."

Nikamhadithia. Mikono, ngazi, mvua, kikombe kabatini, mdomo uliofunguka. Sikuigiza hata kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe uko upande upi?"

"Hakumuua," nikasema, haraka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nakuuliza ya picha, mwanangu."

"Na mimi nasema ya picha."

Akanitazama kidogo, akaichukua kofia yake. Alishona mishono kadhaa. Halafu akauliza, "Yule mzee alikunywa chote, au alibakisha?"

Sikujua. Nilikiri sijui, maana picha ilikwenda dirishani.

"Basi kaangalie vizuri," akasema. "Uje uniambie."

Bahati ilikuwepo, kwa sababu kelele zetu zilimfanya mwenye sinema airudishe Jumatano iliyofuata, na jumba lilijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Wengine walikuja kuwathibitishia wengine kwamba ni vipofu. Mimi nilikuja na kazi moja. Ilipofika kahawa nikajinyoosha mpaka shingo ikauma. Mzee anakiinua. Mvua. Tunarudi, kikombe kiko mezani, na kimewekwa upande ambao ndani yake hapaonekani. Niliona ujeuri wa mtengeneza picha yule, nikamlaani kwa Kiswahili fasaha.

Asubuhi nikampelekea mama mdogo jibu langu. "Haionyeshi. Nimeangalia kwa macho yote mawili, haionyeshi."

"Haionyeshi," akarudia. Akacheka kidogo kwa puani, akanitazama kama anayengoja kitu. Mimi nikaanza kumsimulia jinsi yule bibi mjuzi wa Kiarabu alivyoaibika, na nani alimvuta nani ushungi, na nani kahamia upande gani. Nilikuwa na mengi siku ile. Baada ya muda aliinamia kofia yake, nami nikaendelea mpaka adhuhuri.

Sasa yule wifi yake wa Makorora. Katika upande wa "kamuua" yeye ndiye aliyekuwa mbele. Kulikuwa na harusi Chumbageni mwezi ule, tukaitwa kupika, na ugomvi ulikuwa umeshafika mahali ambapo wapishi walikaa mikeka miwili, wa "kamuua" kwenye vitunguu na wa "hakumuua" kwenye mchele. Bwana harusi hakuhusika na lolote, lakini nusura pilau yake ikose chumvi kwa sababu chumvi ilikuwa mkeka wa pili na hakuna aliyetaka kuiomba. Wifi akasema, anamenya na kisu kinakwenda, "Mwanamke asiye na jambo haoshi kikombe mbio mbio."

Mimi nina hasira za karibu, mama yangu alilijua hilo tangu sijaota meno. Nikasimama na ungo mkononi. "Shangazi, shikamoo yako nimekwisha kukupa. Lakini filamu ni filamu. Usitafute mtu humo."

Akaniangalia kwa utulivu. "Na mimi nimesema filamu, mwanangu. Wewe ulimfikiria nani?"

Mkeka wa vitunguu na mkeka wa mchele yote miwili ikanigeukia. Nilikaa chini. Nimefikiria jibu la kumpa kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini na bado sijalipata. Kilichoniuma si kwamba alinishinda. Ni kwamba usiku nikilala, kweli nilikuwa nimekifikiria kikombe cha buluu, si mara moja. Nilimpenda mama mdogo kuliko watu wote na nilikuwa nimekifikiria. Kwamba ni uchafu wa mawazo nilijua, lakini sikumwambia mtu, sembuse kumwuliza yeye. Niliona kumwuliza ndilo tusi lenyewe. Niliona mapenzi ni kunyamaza, kumletea bisi na hadithi, na kumtetea kwenye vitunguu vya watu.

Filamu ikaondoka Tanga, ikaenda kuzunguka pwani kama zilivyokuwa zikizunguka zote, Mombasa na kwingineko, na bila shaka huko nako ikavunja harusi. Eda ya mama mdogo ikaisha. Tulimwogesha, tukamfukiza udi, tukamvisha. Akatoa sandukuni gauni la maua madogo ambalo sikuwahi kuliona. Fundi alikuwa amelikata kabla ya kufa, akalishona kiwiliwili, akaacha mikono. Miezi ile yote, zikiisha kofia, mama mdogo alikuwa akiishona ile mikono kwa mkono wake, bila cherehani. Haikulingana sawasawa, wa kushoto ulikuwa umejaa zaidi begani. Hakuna aliyesema.

Wiki ileile filamu ikarudi. Wanawake walikuwa wameiomba, na mwenye sinema si mjinga. Mama mdogo akaniambia, "Jumatano tunakwenda."

"Kwa ile? Mama mdogo, ngoja wiki ijayo, inakuja ya Kihindi yenye nyimbo kumi."

"Nyimbo ntazisikia wiki ijayo."

Tukaenda. Nilishika mkono wake tangu mlangoni, sijui nilikuwa namlinda yeye au nalindwa. Tulipoingia kelele zikapungua kidogo kidogo mpaka zikaisha, kama pale mwalimu anapoingia darasani. Watu wakasimama kumsalimu, na salamu zilikuwa nzuri, lakini macho yalikuwa yakimpima. Kiti chake cha safu ya sita kilikuwa wazi. Mimi nikakaa kushoto kwake. Cha kulia hakuna aliyekikalia, ingawa kulikuwa na watu wamesimama nyuma.

Taa zilikuwa zimeshazimwa aliposhuka mtu kwenye njia, mnene, akipapasa viti, akajitosa pale kulia. Nikamtambua kwa pumzi zake kabla ya sura. Ni wifi yake. Nikasema moyoni leo patachimbika.

Mikono ikakoroga, ikafunika, ikabeba. Kwa kawaida mahali hapa jumba zima hupiga kelele, "Usinywe! Usinywe, mzee!" Siku ile hapakuwa na sauti hata ya mtoto. Mzee akapokea kikombe bila kumtazama mkewe. Ndipo wifi akainama, na nilimsikia, kwa kuwa sauti yake haikuumbiwa kunong'ona.

"Wifi. N'na jambo nataka kukuuliza, na unijibu kwa haki ya Mungu. Ndugu yangu siku ile, kile kikombe alikimaliza?"

Mama mdogo hakugeuza uso kutoka kwenye picha.

"Alibakisha nusu. Alisema leo tangawizi imezidi. N'kakimalizia mimi, pale pale nimesimama, n'kakiosha, n'kakifudikiza. Kila siku akinibakizia nusu, wifi. Toka tuoane. Hajawahi kumaliza chai akaniacha hivi hivi."

Kwenye picha mvua ilikuwa ikinyesha dirishani. Kisha sauti ya wifi ikatoka imepungua. "Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza," akasema mama mdogo.

Wifi akajifunika buibui uso mzima, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Wa safu ya nyuma wakadhani analia kwa ajili ya picha, wakampa leso. Mama mdogo akatia mkono ndani ya lile buibui, akamshika, na wakakaa hivyo mpaka yule mke alipofungua mdomo na taa zikawaka.

Watu wote wakatugeukia. Walikuwa wamengoja miezi. Bibi mmoja wa upande wa mchele hakuweza kujizuia, akauliza, "Haya mama, wewe umeonaje? Kamuua, hakumuua?"

Mama mdogo akapandisha buibui begani bila haraka. "Mimi nimeona lile gauni mikono yake imekatwa vibaya," akasema. "Fundi wake hakujua kazi."

Wakacheka, nao ukawa mwisho wa kumwuliza. Wifi akafuta macho na leso ya watu, akatangaza kwa sauti yake ya zamani kwamba yule wa picha kamuua, kamuua tu, na anayebisha aje Makorora waonane. Hakubadilisha msimamo huo mpaka kufa kwake. Ila bombani na harusini, aliyetaka kulitaja lile neno la jikoni alikutana naye yeye kwanza, na aliambiwa mwenyewe kwa kinywa cha aliyelianzisha kwamba lilikuwa la uongo na toba yake ameshaileta.

Tulirudi kabla ya magharibi. Wao wawili walitangulia wameshikana mikono, wanazungumza habari za fundi alipokuwa mtoto, jinsi alivyokuwa akiiba kanga za dada yake akawakatia wanasesere nguo. Walicheka kwa nguvu mpaka wakasimama njiani. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mfuko wa bisi, na sikuweza kula hata moja.

Kwa sababu lile "hamkuniuliza" na mimi nilikuwamo. Alinituma kuangalia kikombe, nami nikaenda, nikajinyoosha shingo, nikarudi na jibu la kikombe cha Misri. Ilibaki neno moja tu nimwulize. Alinitazama akilingoja. Nilimwona akilingoja, na nikamsimulia habari za ushungi. Aliyekuja kumwuliza ni yule aliyemshuku, na mimi niliyempenda, niliyefundishwa naye kwa mkono wake kwamba nisimwangalie anayesema, nimwangalie anayesikiliza, nilikaa naye miezi minne na siku kumi nikisema.